Kashata, Mfugo wa Abdow

Mwaka wa 1967, ndani ya ua wa miiba pale Garissa, watu walibishana juu ya kila kitu. Walibishana mvua itanyesha lini, vita vitakwisha lini, na sukari ya duka lipi ina mchanga. Jambo moja tu halikuwa na ubishi: Abdow Bare hajawahi kuachiwa mnyama wa mtu akamrudisha pungufu. Ukimwachia ngamia mwembamba, utamkuta mnene. Ukimwachia mwenye mimba, utawakuta wawili. Hata mahasimu wake, na mtu wa ngamia hakosi mahasimu, walikuwa wakisema, "Yule bwana ni mkaidi, lakini amana kwake hailali njaa."

Shida ni kwamba sifa hiyo ilikuwa imebaki bila kazi. Abdow alikuwa na ngamia kumi na mmoja kule upande wa Hulugho. Serikali ikaamuru wafugaji wakae pamoja karibu na mji, ndani ya ua wenye lango na askari, ili watu wa msituni wenye bunduki wasipate wa kuwalisha. Ngamia kumi walichukuliwa kwa kosa la kukutwa mahali palipokatazwa. Wa kumi na mmoja, Aulo, jike mzee wa rangi ya mchanga, alianguka siku ya tatu ya safari ya kuja mjini. Sasa, ngamia akianguka, wachungaji humwinua. Hupitisha magongo na kamba chini ya tumbo, wanaume sita wakasema bismillahi, wakamsimamisha asubuhi na jioni, mpaka miguu ikumbuke kazi yake. Ukimwacha chini siku tatu, amekwisha. Abdow aliomba apewe siku moja tu. Afande wa msafara akatazama saa yake, akasema twendeni. Abdow hakugeuka nyuma, kwa sababu alijua Aulo ameinua shingo anamtazama. Hilo lilimuuma kuliko wale kumi wote, na hakulizungumza na mtu.

Kila baada ya muda karani wa mifugo alipita nyumba kwa nyumba na daftari lenye safu tano: ngamia, ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda. Mara ya kwanza alipofika kwa Abdow aliuliza, "Mifugo?" Abdow akajibu, "Hakuna." Karani akapiga mstari, akaenda zake. Baadaye Nunow, mkewe Abdow, alimkuta mumewe nyuma ya nyumba anakata kamba vipande vipande, na kamba yenyewe ilikuwa nzima. Nunow alikuwa na ulimi mkali kuliko wembe, lakini siku hiyo aliufungia kinywani.

Basi Abdow akatafuta kibarua kama wenzake, akakipata hospitali: kufagia ua na kumwagilia miti. Huko ndiko alikojuana na Sista Sharifo, mkunga aliyeletwa kutoka Lamu, mwanamke mnene wa kucheka, mwenye Kiswahili cha kunyoosha kama shuka lililopigwa pasi. Kiswahili cha Abdow kilikuwa cha sokoni, chenye b mahali pa p, na ngeli zake zilitembea kila moja na njia yake. Walielewana vizuri mno.

Sista Sharifo alifuga kiumbe. Aliachiwa na familia moja ya Kizungu iliyofunga mizigo baada ya uhuru. Vitabuni huitwa simbilisi, lakini Garissa nzima hapakuwa na mtu mwenye jina lake. Alikuwa wa kujaa viganja viwili, mnene, hana mkia, hana shingo ya kutajika, meno ya sungura, na miguu mifupi kana kwamba aliyemuumba, Subhanahu, aliona hiyo inamtosha, na ilimtosha. Rangi yake kahawia na nyeupe, vipande vipande. Sista alimwita Kashata, kwa kuwa alifanana na kashata, na kwa kuwa yeye Sista alikuwa na hamu ya kwao Lamu.

Mwezi wa pili zikaja habari kwamba mama yake Sista hajiwezi. Magari siku zile hayakwenda hovyo. Yalikwenda kwa msafara, yakilindwa mbele na nyuma, na ukiukosa huu unasubiri ule. Sista alimwita Abdow barazani, akamwonyesha sanduku la mbao lenye wavu.

"Mzee Abdow," alisema, "naambiwa wewe hujawahi kupoteza mnyama wa mtu."

"Bado," alisema Abdow.

"Basi nakuachia Kashata. Ni amana. Akae sandukuni mwake, apate majani mabichi na maji safi. Nitarudi baada ya mwezi, inshallah."

Abdow alichungulia. Kashata naye alichungulia. Mtu aliyewahi kunywesha ngamia mia visimani Hadado anakabidhiwa kitu kinachoenea ndani ya sufuria. Lakini amana ni amana, haipimwi kwa ratili. "Nabokea," alisema. "Wewe ukirudi, huyu iko mnene zaidi."

Alipofika nyumbani na lile sanduku kichwani, Nunow aliinua kifuniko, akatazama, akakifunga tena polepole.

"Baba Awil," alisema, kwa lugha yao, "tulikuwa na ngamia kumi na mmoja. Leo umeniletea panya."

"Si panya."

"Ni nini?"

"Ni amana," alisema Abdow, na mazungumzo yakaishia hapo, kwa siku hiyo.

Hapa ndipo kosa lilipoingia, na lilikuwa kosa la mtu wa ngamia tu, mwingine asingelifanya. Abdow aliyasikia maneno ya Sista yote, akayaweka moyoni. Lakini kila alipomwona Kashata amekaa nyuma ya wavu anatafuna majani yaliyoletwa, dhamiri ilimsuta. Mnyama hali chakula cha kuletewa ila awe mgonjwa. Mnyama huenda malishoni, akachagua mwenyewe, akatafuta kivuli mwenyewe. "Sisi tumefungiwa ndani ya miiba," alimwambia mkewe, "tena na sisi tumfungie mwingine?" Nunow alimwambia mwenye mali amesema sanduku. Abdow akasema mwenye mali ni mkunga, hajui malisho.

Basi kila asubuhi kabla ya kibarua akamtoa Kashata akampeleka kuchunga. Penye bomba la maji la kijiji palikuwa na kipande cha majani ya kijani, kwa sababu ya maji yanayomwagika, na ndipo mahali pekee palipokuwa na ukijani msimu ule wa kiangazi. Abdow alisimama hapo na fimbo yake begani, mguu mmoja juu ya goti la mwingine, mchungaji kamili, na mbele yake kundi lake la mmoja. Watu waliokuja kuteka maji walicheka wakashika mbavu. Yeye hakujali. Alimpigia Kashata mluzi ule mrefu, wa chini, ambao wachungaji huwapigia ngamia kisimani wanywe bila hofu. Siku ya tatu Kashata aliinua kichwa, akajibu kwa mluzi wake mwenyewe, mwembamba, wii, wii, wii. Nunow alicheka mpaka akakaa chini. "Ngamia wako anakuita," alisema.

Siku ya nne akaja Duba na punda wake. Duba alikuwa Mborana wa upande wa Wajir aliyeijua lugha ya akina Abdow, mfugaji aliyefilisika kwa vita hivyo hivyo, sasa akichotea watu maji kwa punda. Alijua kuunga mifupa ya mifugo, na alikuwa rafiki wa Abdow kwa sababu walikuwa na msiba mmoja na hawakulazimika kuuzungumza. Punda alifika bombani, akajitikisa kama punda wanavyojitikisa, kamba ya mzigo ikalegea, debe tupu likaanguka. Upande wake wa ukingo ulimpiga Kashata mgongoni. Abdow alikuwa hatua nne tu kutoka hapo.

Kashata alilia mara moja. Kisha akakimbia, ila ni miguu ya mbele iliyokimbia. Ya nyuma ilibaki ikiburutwa mchangani, kana kwamba ni ya mnyama mwingine. Abdow alimwinua kwa mikono miwili.

Maji yakimwagika hayazoleki. Alikaa chini pale pale bombani, akawaza jambo moja tu. Kwao, mnyama wa amana akifa mikononi mwako, humpelekea mwenyewe sikio lenye alama yake, ajue kwamba hukumla wala hukumuuza. Abdow hakuwahi kupeleka sikio kwa mtu maisha yake yote. Sasa alijiona amesimama mbele ya Sista Sharifo na sikio dogo kuliko ukucha. Ngamia walikuwa wamekwenda, Aulo alikuwa amekwenda, na kitu pekee alichotoka nacho Hulugho kikiwa kizima kilikuwa jina lake. Likifa hili nalo, atakuwa mfagiaji tu, basi. Aliogopa, na alipoulizwa na Duba ana nini, alisema, "Naogopa."

Duba alimtazama mgonjwa. Alizoea uti wa mgongo unaoshikwa kwa mikono miwili. Huu aliupapasa kwa ncha ya kidole kimoja, huku ameuma mdomo, pole pole, kutoka mabegani hadi nyongani.

"Haujakatika," alisema mwishowe. "Umeshtuka na kuvimba. Atasimama, au hatasimama."

"Hilo hata mimi ningelisema, na mimi si mganga," alisema Nunow.

"Tumchome," alisema Duba. Kwa ngamia aliyeumia mgongo, dawa ya kwanza ni chuma cha moto, mistari miwili kila upande. Kwa kuwa mgonjwa alikuwa mdogo, walikubaliana watumie sindano ya kushonea magunia. Abdow akaiweka kwenye makaa. Ilipopata wekundu, Nunow alimchukua Kashata mapajani mwake, akamfunika kwa ukingo wa shuka.

"Ngamia ana ngozi ya kiatu," alisema. "Huyu ana ngozi ya mtoto wa siku saba. Mkitaka kuchoma, chomaneni nyinyi kwa nyinyi."

Wanaume wale wawili waliitazama sindano, wakatazamana, wakaitia majini. Ilitoa sauti ya aibu. Ikawa ndiyo mwisho wa habari ya moto.

Wakafanya jambo la pili, ambalo nalo ni la ngamia, lakini halina moto: ngamia wa mgongo hulazwa, akazungushiwa mchanga ubavuni asigaagae. Abdow alichimba kishimo pembeni mwa nyumba, akakitandika kitambaa cha kikoi chakavu, akamlaza Kashata humo. Kwa siku tano hakumruhusu asogee. Alimgeuza ubavu baada ya kila swala, ili apumzike upande mmoja na mwingine, na alimnywesha maji kwa kipande cha pamba. Kashata alikula akiwa amelala, bila haya, kama mgeni wa harusi.

Siku ya pili tumbo lake likawa gumu. Majani yanaingia, maji yanaingia, hakuna kinachotoka. Abdow alikata tamaa. Nunow, aliyelea watoto wanne, alilowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu, akakiweka tumboni, akaanza kubonyeza taratibu kuelekea nyuma, huku akizungumza naye kama anavyozungumzishwa mtoto mchanga. Abdow alikuwa ameinama amtazame karibu. Mkojo ulimpata kifuani.

"Alhamdulillahi," alisema Abdow, na alimaanisha.

Tangu hapo kazi hiyo ya kubonyeza tumbo ikawa yake, mara nne kwa siku, na kwa kuwa nguo yenye mkojo haiswaliwi, alitenga kikoi kimoja cha ibada na kimoja cha Kashata. Watu walimjua ametoka wapi kwa kutazama kikoi.

Siku ya sita ikawa siku ya kumwinua. Nunow ndiye aliyesuka vyombo vya nyumba yao, mikeka ya paa na vibuyu vya nyuzi vya maziwa, na mikono yake haikujua kukaa bure. Alisuka ukanda laini wa nyuzi, upana wa vidole vitatu, wenye vitanzi viwili. Abdow akapitisha vijiti viwili vya mswaki kwenye vitanzi. Kisha yeye na Duba, wanaume wawili warefu kama nguzo, wakachuchumaa mmoja huku mmoja kule, wakaupitisha ukanda chini ya tumbo la Kashata, wakashika vijiti kwa ncha za vidole.

"Bismillahi," alisema Abdow.

"Bismillahi," alisema Duba.

Wakainua. Kashata alisimama, miguu ya nyuma ikining'inia na kugusa mchanga kidogo. Abdow alipiga ule mluzi wa kisimani. Wakahesabu pumzi kumi, wakamshusha, kisha Abdow akampaka mafuta ya ufuta kwenye mapaja, akamkunja na kumkunjua kila mguu. Asubuhi, mchana, jioni. Hakuna siku waliyoruka. Jirani mmoja aliwauliza kama hawaoni haya, wazee wazima. Duba akamjibu kwamba haya aliiacha Wajir pamoja na ng'ombe wake.

Likabaki suala la majani. Yale ya bombani yalikuwa yameisha, na Kashata hakuwa na habari na kiangazi. Majani mabichi yalikuwa ukingoni mwa mto Tana, nje ya lango, na kutoka langoni kulikuwa na saa zake na ruhusa yake. Aliyesimamia lango alikuwa koplo mmoja kijana kutoka bara, mwenye sura ya kutoamini hata kivuli chake. Siku tatu alimwona Abdow akitoka mikono mitupu na kurudi na kicha cha majani. Siku ya nne akamsimamisha.

"Haya ya nani, mzee? Huna mbuzi."

"Ya banya, afande."

"Ya nini?"

"Mgonjwa. Iko lala. Mgongo."

Koplo alijua kwamba chakula cha kupelekewa watu wa msituni hupita kwa ujanja wa kila namna, na huu ulikuwa mpya. "Twende nimwone huyo mgonjwa," alisema. Akamfuata Abdow na bunduki begani, na nusu ya kijiji ikawafuata wote wawili kwa mbali.

Wakati wa kuinua ulikuwa umefika, na Abdow hakuwa mtu wa kuahirisha kwa sababu ya serikali. Akaweka majani chini, akachuchumaa, Duba akachuchumaa, bismillahi, bismillahi. Kashata akapanda juu kwenye ukanda wake. Koplo alisimama akatazama. Uso wake ulishindana na kicheko kwa muda, kisha ukashindwa. Akacheka mpaka ikambidi aegemee nyumba. Alipopata pumzi alisema kwao wanafuga sungura, na kwamba huyu anakonda nyongani, anahitaji majani laini zaidi.

Jioni yake alirudi na majani ya nje ya kabeji kutoka jikoni kwao, yale yanayotupwa. Akaleta kesho yake pia. Abdow aliyapokea kwa mkono wa kulia, akasema ahsante afande. Hakusahau kwamba ni sare kama ile iliyomtazamia saa siku ya Aulo. Alikumbuka kila siku. Lakini kijana huyu hakuwa yule, na kabeji ilikuwa kabeji, na Kashata aliila yote mpaka kwenye mshipa. Alizoea hatua za buti zile. Akizisikia tu, wii, wii, wii.

Siku ya kumi na mbili mguu wa kulia ulisukuma. Ilikuwa mara moja, na Duba akasema ni upepo. Abdow akasema upepo hausukumi kutoka ndani. Siku ya kumi na tano ulisukuma mara tatu, na Duba akaomba radhi kwa mguu. Wa kushoto ulikuwa mvivu, ulikuja nyuma nyuma. Siku ya ishirini Kashata alisimama bila ukanda kwa pumzi mbili, kisha akakaa upande, akatazama huku na huku kana kwamba ameangushwa na mwingine. Abdow aliondoka akaenda nyuma ya nyumba. Nunow alimfuata akamkuta anafuta macho kwa kikoi, tena kile cha Kashata.

"Lia kwa kile kingine," alisema Nunow, na akakaa naye.

Siku ya ishirini na sita tangu Sista aondoke msafara uliingia, mapema kuliko walivyotazamia. Habari zikafika kwamba Sista Sharifo ameshuka garini, mama yake amepona, na anamuulizia Kashata. Kashata alikuwa anaweza hatua tatu, nne siku njema, kisha anakaa.

"Mwambie aliugua," alisema Duba. "Wanyama huugua."

"Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema Abdow. Alivaa kikoi cha ibada, akamtia Kashata sandukuni, akalibeba kichwani kama alivyolileta. Nunow na Duba walimfuata bila kuitwa.

Sista alikuwa barazani kwake, mizigo haijafunguliwa. Abdow alilitua sanduku na hakukaa alipokaribishwa.

"Sista, mimi iko na makosa. Wewe sema sanduku. Mimi toa nje, beleka kuchunga. Debe naanguka kwa mgongo. Mguu mbili nakufa, moja narudi, moja bado narudi. Si ugonjwa. Ni mimi."

Sista hakucheka. Alimtoa Kashata, akamweka mapajani, na vidole vyake vya ukunga vikaanza kupita: uti wa mgongo, mapaja, tumbo, nyayo. Alirudia nyayo. Abdow alihesabu pumzi zake kama alivyozihesabu kwa ukanda.

"Nilisema sanduku," alisema Sista.

"Ndiyo."

"Nimekasirika, Mzee Abdow. Lazima nikwambie."

"Ndiyo, mama."

"Siku ngapi amelala?"

"Ishirini na mbili."

Sista aligeuza ubavu mwingine wa Kashata, akapuliza manyoya. "Siku ishirini na mbili," alisema, sasa taratibu, "na hana kidonda hata kimoja. Mimi nina wagonjwa wodini wanalala siku kumi wakaoza mgongo, na wana wauguzi watatu." Akamweka Kashata sakafuni, upande wake wa baraza. "Kashata. Kashata, njoo kwa mama."

Kashata aliitafuna hewa, hakusogea. Sista akamwita tena, sauti imeanza kukatika. Abdow alivumilia alivyoweza, na alipoona mnyama anaelekea kukaa, midomo ikamponyoka. Akapiga ule mluzi, mrefu, wa chini.

Kashata alijibu papo hapo. Akainuka, nyuma ikiyumba, mguu wa kushoto ukiandika mstari vumbini, hatua moja, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, ambayo hakuwahi kuifikia, akaanguka juu ya kiatu cha Abdow na kubaki hapo, anapiga mluzi. Duba alisema jambo kwa Kiborana ambalo halikuhitaji mkalimani.

Sista alijifuta uso kwa mtandio. "Mnyama ana mwenyewe," alisema. "Nilikupa amana na amana umenirudishia, nimeipokea mbele ya hawa. Sasa nakupa mimi. Si amana tena. Ni wako."

Abdow alikataa mara ya kwanza, kama inavyopasa. Akakataa mara ya pili, sauti ikiwa ndogo. Mara ya tatu aliinama akamwinua Kashata kutoka kiatuni, na Nunow akasema badala yake, "Amepokea."

Mnyama asiye na alama si wa mtu. Kukata sikio hakukuwezekana, na moto ulishakatazwa na Nunow. Basi Nunow alisaga hina, na Abdow, kwa kijiti cha mswaki, akamchora Kashata ubavuni, palipo peupe, alama ya ngamia wa ukoo wao: mistari miwili na duara chini yake. Alichora polepole, ulimi nje, kwa sababu mkono ulikuwa umekaa muda mrefu bila kuichora.

Wiki iliyofuata mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha na karani wa mifugo akapita, viatu vyake vizito kwa matope. Alifika mlangoni kwa Abdow, kalamu tayari imeshuka kwenye karatasi kupiga mstari.

"Mzee Abdow. Mifugo hakuna, siyo?"

"Mmoja," alisema Abdow.

Karani aliinua macho. Nunow alikuwa ameshatoka na Kashata mikononi, alama ikionekana vizuri, hina bado nyekundu. Karani alitazama mnyama, akaitazama alama, akalitazama daftari lake lenye safu tano. Alikuwa mtu wa haki na alitaka kazi yake iwe sawa.

"Nimwandike wapi, mzee?"

"Wabi tena," alisema Abdow. "Kwa ngamia."

Karani alifikiri kidogo, akamtazama yule mzee mrefu aliyesimama wima na fimbo begani, kisha akaandika moja.